Je, wajua kwamba "Bwana akubariki" si neno la mchungaji peke yake?

Wapo Wakristo, Tanga kama kwingineko, wanaosita kumtamkia mwenzao baraka, hasa akiwa ni mkubwa wao. Wakikutana sokoni Mgandini husema "Bwana Yesu asifiwe", wakaitikiwa "Amina". Au "Tumsifu Yesu Kristu", wakaitikiwa "Milele, amina". Hizo ni sifa kwa Mungu, hazimtii mtu hofu. Lakini "Bwana akubariki" humwachia aliyevaa kola, wakiamini kubariki ni kazi ya aliyewekwa wakfu.

Imani hiyo ina chanzo. Katika Hesabu 6:24-26, maneno "BWANA akubarikie, na kukulinda" wamepewa Haruni na wanawe, yaani makuhani, na ndiyo yanayofunga ibada nyingi hadi leo. Ila wengi hawafiki mstari wa 27, Mungu anaposema, "nami nitawabarikia". Kuhani hutamka tu; baraka yenyewe haimo mkononi mwake.

Sasa tazama Ruthu 2:4. Boazi, mwenye shamba, anatoka Bethlehemu, anawakuta wavunaji wa shayiri na kuwaambia, "BWANA akae nanyi." Nao wanamwitikia, "BWANA akubariki." Hakuna kuhani pale kondeni. Tena vibarua ndio wanaombariki tajiri wao! Haikuwa ajabu: Zaburi 129:8 inawatakia waovu wasisikie hata baraka ya wapita njia, maana kuikosa mavunoni ilikuwa aibu.

Na asiyestahili je, akibarikiwa? Luka 10:5-6 inajibu. Yesu anawaagiza wanafunzi waseme kwanza, "Amani iwemo nyumbani humu." Akiwamo mwana wa amani, itamkalia, la hayumo, itawarudia wenyewe. Ni kama kamba anayoirusha baharia jahazi linapofunga gati: akiwapo wa kuidaka, huifunga, asipokuwapo, baharia huivuta na kamba bado ni yake. Kwa hiyo hakuna haja ya kumpima mtu kabla ya kumbariki.

Kudaka huko ni kuitikia. Ukiambiwa "Bwana akubariki", usiishie kwenye "asante", sema "Amina, akubariki nawe." Kwa mzee tanguliza shikamoo, upokee marahaba, ndipo useme la imani. Mkutanoni penye mchanganyiko, na Tanga Waislamu ni wengi, msemaji husema "Asalaam aleikum", kisha "Bwana Yesu asifiwe", kisha "Tumsifu Yesu Kristu". Kinachoharibu ni kuzitoa zote kwa pumzi moja: kila salamu ingoje kiitikio chake.

Mpaka upo ndani ya ibada. Kwa Wakatoliki, katekista, yaani mwalimu wa dini asiye padri, anayeongoza ibada kigangoni (kanisa dogo chini ya parokia) pasipo padri hasemi "awabariki". Husema "Bwana atubariki", akijihesabu miongoni mwa wanaoomba. Ibada ikiisha, hapo mlangoni, yeye huyo aweza kumwambia yeyote "Mungu akubariki", na hata mtoto wa komunyo ya kwanza akamwitikia kwa baraka hiyo hiyo.