Kuimba namba si kuhesabu

Wiki ya kwanza ya Januari mama mmoja alinikabidhi mwanawe mlangoni akaniambia, "Mwalimu, huyu namba anazijua. Anafika mpaka hamsini." Mtoto hakungoja kuombwa. Alisimama wima, mikono ubavuni kama askari wa gwaride, akaanza moja, mbili, tatu. Alipovuka kumi na tisa akasema "kumi na kumi", mama yake akamkazia macho, akarukia ishirini na kuendelea. Tukampigia makofi. Kisha nikamwekea komwe saba, zile mbegu za kuchezea bao, mkekani nikamuuliza ziko ngapi. Kidole kilikwenda polepole, mdomo ukaenda mbio. Komwe zilipokwisha yeye alikuwa ameshafika kumi na moja, na jibu lake likawa hilo: kumi na moja. Mama yake alinitazama kama mimi ndiye niliyemharibia mtoto.

Nitamwita Shaibu, ingawa si jina lake. Nilimwandikia kwenye daftari langu: anaimba vizuri, kuhesabu tutaanza.

Darasa langu liko Mikindani, Mtwara, chumba kimoja na baraza yake, watoto 14 wa miaka 4 na 5. Nawataja idadi kwa sababu kila nitakalosema hapa linategemea hiyo. Kabla ya hapa nilifundisha darasa la awali lenye watoto zaidi ya 90. Mwongozo wa serikali unasema mwalimu mmoja kwa watoto 25, na kila mwalimu wa awali anaujua huo mwongozo kama anavyojua nauli ya kwenda mwezini. Ukiwa na watoto 90 unasema "moja!" wanaitikia "moja!", chumba kinatikisika, mkaguzi anapita dirishani anaridhika. Miaka mitatu nilidhani watoto wale wanahesabu. Sikuwa na namna ya kumsikia mmoja mmoja.

Hiyo "kumi na kumi" wazazi wanaicheka, mimi inanifurahisha kuliko kitu chochote. Hakuna mtu aliyemfundisha mtoto neno hilo. Amelitunga mwenyewe: kama kuna kumi na saba, kumi na nane, kumi na tisa, inayofuata itakuwa nini tena? Kiswahili kinambeba mtoto hapa. Ukisema kumi na moja, kumi unaisikia na moja unaisikia. Mtoto anayejifunza kwa Kiingereza, akitoka kumi tu anakutana na majina mawili mapya ambayo kumi haisikiki ndani yake. Sisi kisiki chetu ni ishirini, tuliyoikopa kwa Waarabu pamoja na thelathini na arobaini. Ishirini haina sura ya mbili hata kidogo, wala thelathini haina sura ya tatu. Kwa hiyo mtoto akikwama pale, hajakosa akili. Amefika mpakani.

Sasa kuhesabu kwenyewe. Nikimpa mtoto vitu avihesabu, natazama mambo matatu, na huja kwa zamu. Kwanza, je, majina ya namba yanafuatana vilevile kila siku? Hilo ni wimbo, na wengi wanalo. Pili, je, kila kitu kinapata jina moja tu, bila kurukwa wala kuguswa mara mbili? Hapo ndipo Shaibu alipoanguka, maana mkono na mdomo vilikuwa havijaoana. Dawa yake ni kuviondoa vitu mahali pake: komwe moja, unaichukua, unaiweka kwenye kifuu, inalia "ko!". Mdomo hauwezi kukimbia ukiwa unasubiri ule mlio. Wiki mbili za kifuu zilimnyoosha.

La tatu ndilo linalochelewa. Mtoto anahesabu safi kabisa: moja, mbili, tatu, nne, tano. Unamuuliza, "Kwa hiyo ziko ngapi?" Anakutazama, halafu anaanza tena: moja, mbili, tatu... Kwake yeye, tano ni jina la ile komwe ya mwisho, kama vile ingeitwa Rukia. Hajajua kwamba neno la mwisho limezikusanya zote. Nina watoto walioishi hapo miezi minne. Hupigi hatua kwa kumwambia. Unampa kazi nyingine, unarudi baada ya siku tatu, na asubuhi moja, bila sherehe yoyote, anahesabu mpaka tano anasema, "Ni tano," anakwenda zake kucheza. Mimi hubaki pale mkekani nikitafuta mtu wa kumsimulia.

Komwe nilipewa na babu mmoja jirani, mcheza bao. Kwa wasioijua, komwe ni mbegu ngumu ya kijivu, inatoka kwenye mmea wa miiba unaotambaa karibu na ufukwe, na ndizo kete za bao huku kwetu. Seti nzima ni 64, kila mchezaji 32. Nilikwenda kwake kuomba chache, akanipa zote, zimelainika kwa mikono ya miaka. Siku moja aliketi na watoto wangu barazani akawapangia bao la kuanzia: sita kwenye nyumba, lile shimo kuu, mbili na mbili kwenye mashimo mawili ya jirani, halafu ishirini na mbili zinabaki mkononi. Alichonifundisha mimi ni kwamba hakuhesabu. Alichota, akamwaga, zikawa sita. Nikamuuliza, "Babu, umejuaje?" Akanijibu, "Mwanangu, sita zinaonekana."

Kwa kweli hata mtoto mdogo, mbili na tatu anaziona tu, hana haja ya kuzigusa. Jicho la mwanadamu linaishia karibu na nne, na zaidi ya hapo linahitaji mpangilio: sita ya babu ni tatu juu na tatu chini. Tangu siku ile nina mchezo wa dakika tano kila asubuhi. Nafunika komwe kwa kikombe, nafunua, nafunika tena: "Umeona ngapi?" Anayezitaja lazima aseme alizionaje. "Mbili na mbili." "Tatu na hiyo moja imekaa peke yake." Bila kujua, mtu wa miaka 5 ameanza kujumlisha.

(Onyo kwa walimu watakaoiga: zihesabuni kabla ya watoto kuondoka, na walio chini ya miaka 4 msiwape, zinaingia mdomoni. Na mtaletewa kesi. Komwe ukiisugua kwenye sakafu ya saruji inapata moto, na kila kizazi cha watoto wa pwani hugundua upya kwamba inaweza kubandikwa kwenye paja la mwenzako.)

Kabla ya komwe nilitumia korosho, na hapo niliumbuka. Ilikuwa Oktoba, korosho zinaokotwa, kila nyumba ina gunia. Nikaona, kuna nini bora kuliko hicho? Nikamwaga korosho ghafi mkekani, zikiwa na maganda yake. Mimi ni mzaliwa wa Lindi, na sikumbuki siku niliyofundishwa kwamba ganda la korosho halitiwi mdomoni, nilizaliwa nalijua. Watoto wangu wote walilijua hivyohivyo. Isipokuwa mmoja, aliyekuwa amehamia na wazazi wake kutoka Dodoma wiki mbili nyuma. Aliipasua kwa meno. Mafuta ya ndani ya lile ganda yanaunguza ngozi kama moto, ndiyo maana wanawake wanaobangua hupaka mikono yao mafuta au majivu kwanza. Nilimwosha kwa maji na sabuni, mdomo ukavimba hivyohivyo, na ngozi ikambambuka siku kadhaa. Wenzake walimzunguka kwa mshangao mkubwa. "Mwalimu, kwani hajui?" Mama yake alikuja jioni. Sikuwa na la kujitetea, nikaomba radhi. Nilikuwa nimepanga somo kwa watoto 13 waliofanana na mimi.

Turudi kwenye namba, maana Kiswahili kinachobeba kwa mkono mmoja kinatega kwa mkono mwingine. Wimbo unasema moja, mbili, tatu. Lakini watoto ni wawili, viti ni viwili, mawe ni mawili, na komwe ndizo zinabaki mbili. Mtoto anajifunza namba moja yenye nguo nyingi. Wengi wanavaa vizuri tu, hata wale ambao nyumbani wanasikia Kimakonde na wanakuja na "ntoto" na "nkate" (siwasahihishi, nkate unalika vilevile). Mwaka huu Mwanahawa aliwahesabu wenzake waliopanga mstari: "Mmoja, wawili, watatu, wanne, watano, wasita." Nikasema, "Sita." Akasema, "Mbona sita hana wa?"

Ni swali la haki kabisa. Nikamwambia sita, saba na tisa ni wageni, walikuja na majahazi hapahapa Mikindani zamani, wakabaki na nguo zao za safarini. Lilimwingia. Akafikiri kidogo. "Na kumi?" Kumi ni ya kwetu, Wabantu, na haivai kitu. Nikamwambia uji unapoa.

Kuna mchezo mwingine nilioufanya miaka mingi kabla ya kujua kwamba nausababishia matatizo mwenyewe. Unapanga safu mbili za komwe, sita na sita, zinatazamana. Mtoto anakubali ziko sawa. Halafu mbele ya macho yake unaitawanya safu moja iwe ndefu, unamuuliza tena: zipi nyingi? Wengi wa miaka 4 na 5 wataonyesha safu ndefu. Aliyeupa umaarufu mchezo huu ni Mswisi, Jean Piaget, na chuoni tulifundishwa kwamba mtoto wa umri huo bado hajui kuwa idadi haibadiliki kwa kutawanywa. Watafiti waliokuja baadaye walilitilia shaka swali lenyewe: mtoto akiulizwa mara mbili anadhani amekosea, basi anabadilisha jibu. Walipomuuliza mara moja tu, waliokosea walipungua.

Niliposoma hayo nilicheka peke yangu. Huku kwetu nani asiyejua hilo? Mtu mzima akikuuliza mara ya pili, ujue jibu la kwanza halikumpendeza. "Umekula?" "Nimekula." "Nimesema umekula?" Hapo hata kama umeshiba utasema hapana. Siku ile nilijihesabia, asubuhi moja tu, ni mara ngapi nauliza jambo ninalolijua jibu lake. Nilipofika ishirini, kabla hata ya chai, nikaacha. Watoto walikuwa wakihesabu uso wangu. Wakiona nyusi zimepanda wanaongeza moja, wakiona zimeshuka wanapunguza.

Nikaanza kupunguza maswali na kuongeza kazi zenye haja ya namba, na hapa ndipo wazazi wengine tunapopishana. Wanataka daftari. Wanataka waone 1 mpaka 20 zimeandikwa kwenye mistari, na alama ya vema yenye wino mwekundu. Baba mmoja aliniambia, kwa heshima zote, "Mwalimu, mimi nalipa ada mtoto asome, kuokota mbegu hata nyumbani anaokota." Huyo analipa mara moja kwa mwaka, korosho zikishauzwa, kwa hiyo kila shilingi yake naijua ilikotoka. Sikumbishia. Nilimwomba akae saa moja. Alikaa, akaishia kubishana na mwanawe kuhusu mchezo wa kikombe, na mwanawe ndiye alikuwa sahihi. Daftari bado analitaka. Tumekubaliana liwe kurasa mbili kwa wiki, na mkono wa mtoto ukichoka tunaacha.

Kazi yenye haja kubwa kuliko zote ni uji. Saa nne kamili kuna uji wa mahindi na karanga, na mmoja wao anatumwa jikoni kwa mama anayetupikia kuleta vikombe. Sisemi vingapi. Nasema, "Lete vya kutosha, kila mtu chake." Mwanzoni mwa mwaka anayetumwa huleta vingi mno, au viwili, mkono huu na mkono huu, anakwenda anarudi mpaka uji unaota ngozi juu. Sisaidii. Ni mateso kwa mwalimu mwenye haraka, na mimi ni mwenye haraka.

Septemba ilimwangukia Shaibu. Siku hiyo mmoja alikuwa anaumwa. Shaibu alisimama mbele yao, akapita akigusa vichwa, midomo ikicheza bila sauti, akaelekea jikoni. Alirudi na sinia, amelishika kwa mikono miwili, ulimi nje kwa umakini. Akagawa kimoja kimoja. Wote wakapata, hakikubaki hata kimoja. Akaliweka sinia chini akasimama mikono mitupu, anatazama uji unavyomiminwa.

Akarudia kuwahesabu, safari hii kwa sauti. Wenzake walikuwa kumi na wawili. Akahesabu vikombe: kumi na viwili. Akanitazama. Nikatazama dirishani, maana uso wangu wanausoma.

Rukia ndiye aliyemwonea huruma, mdomo tayari una uji. "Na wewe je?"

Shaibu akainamisha kichwa akaangalia kifua chake, akaweka kidole kwenye kifungo cha shati.

"Kumi na watatu!" akasema, akatimua mbio jikoni.