Hakuna "mbegu ya Nane Nane"

Agosti ikiisha tu, maonesho ya wakulima ya Nane Nane yakishapita, naanza kuulizwa swali lilelile: "Bibi shamba, ile mbegu ya Nane Nane naipata wapi?" Mbegu hiyo haipo. Ulichokiona uwanjani ni mbegu pamoja na matunzo, na dukani inauzwa mbegu peke yake.

Dhana: kipando (kile kishamba cha mfano) kikistawi uwanjani, kitastawi na kwangu. Hii ndiyo inayonichosha kuliko zote, kwa sababu inamaliza fedha za watu. Maonesho huwa kati ya tarehe 1 na 8 Agosti. Hapa Dodoma, mvua huwa imekatika tangu Aprili. Sasa mahindi mabichi uliyoyakuta uwanja wa maonesho wa Nzuguni yametoka wapi? Yamemwagiliwa tangu siku ya kwanza. Siku nyingine usitazame magunzi tu, inama utazame chini: mpira wa matone umepita kwenye mashina, udongo umelowa, samadi imejaa, gugu hakuna hata moja. Kiwavijeshi akionekana asubuhi, mchana ameshapuliziwa dawa. Tuta la hatua kumi lina kijana wake wa kulihudumia kutwa. Ekari zako tatu za Kongwa zina nani?

Kipando kinakuonyesha mbegu inaweza nini ikipata kila kitu. Hakikuonyeshi itafanya nini jua likiwaka wiki tatu mfululizo mwezi Februari, mahindi yakiwa ndiyo kwanza yanatoa mbelewele. Na hapo ndipo mavuno ya Dodoma yanapokufa. Nimeona shamba la Bahi lililopandwa mbegu ya nyanda za juu, ile inayokaa shambani miezi sita. Mahindi yalimzidi mwenyewe kimo, lakini ukimenya gunzi unahesabu punje kwa vidole. Mbegu haikuwa mbovu. Ilikuwa ya Mbeya na Njombe, kwenye mvua nyingi na baridi.

Kwa hiyo uliza: inakomaa kwa siku ngapi? Ni ya mwinuko gani? Mbolea gani imewekwa hapa, kiasi gani, na mmemwagilia mara ngapi kwa wiki? Maswali haya muulize kijana mwenye mpira wa maji, maana yeye ndiye aliyelilea tuta lile. Anayegawa vipeperushi anajua bei. Na kama unalima Bahi, Chamwino au Kongwa, kabla ya kusimama kwenye mahindi pita kwanza banda la utafiti uulizie mtama wa Macia na uwele wa Okoa, mbegu zinazovumilia ukame. Najua watu wanataka ugali wa mahindi. Basi panda mahindi ya muda mfupi kama Situka, na nusu ya shamba iwe mtama. Hili nitalisema mpaka nistaafu.

Dhana: nikinunua mbegu chotara, ile ya kuchanganya mbegu mbili, mara moja, mwakani nachagua punje kubwa narudia. Hapana. Chotara ukirudia, mimea inatoka haifanani na mavuno yanashuka msimu wa pili tu. Kama huna fedha ya mbegu kila mwaka, nunua isiyo chotara. Hiyo unaweza kurudia hadi misimu mitatu, ukichagua magunzi mazuri ya katikati ya shamba. Vyovyote vile, angalia lebo ya TOSCI, taasisi ya serikali inayothibitisha ubora wa mbegu, kwenye mfuko kabla ya kutoa hela.

Dhana: ng'ombe wa banda la mifugo atanipa maziwa yaleyale nyumbani. Yule Friesian, ng'ombe wa maziwa wa kizungu, anakula majani yaliyokatwa vizuri, pumba na mashudu, na maji yapo mbele yake saa zote. Ukimfungia kwenye zizi lenye ndoo mbili za maji kwa siku, maziwa yatashuka ndani ya wiki, na usipomwogesha dawa ya kupe, ndigana kali itammaliza. Anza na chotara wa kizazi cha kwanza, wa ng'ombe wa kienyeji na wa kizungu.

Dhana: Nane Nane ni tarehe 8. Tarehe 8 ni siku ya kilele: viongozi, hotuba, vumbi na msongamano. Mtaalamu hana nafasi ya kukusikiliza. Nenda tarehe 3 au 4, kabla ya saa nne asubuhi, na daftari. Na uende uwanja wa kanda yako: mkulima wa korosho na ufuta atapata mengi zaidi Ngongo, Lindi, kuliko akisafiri mpaka Dodoma.