Kwenye rede ndo namjua mtoto

Watu wakisikia mi ni mnasihi wa watoto shuleni wanawaza ofisi, viti viwili na mtoto analia. Kumbe kazi yangu kubwa iko uwanjani, na vumbi lote lile. Mtoto wa miaka 8 ukimkalisha ukamuuliza anajisikiaje atakwambia "vizuri" hata kama nyumbani kwao kunawaka moto. Mwingize kwenye rede, akae kati ajaze chupa mchanga huku anakwepa mpira, utaona nani anaogopa kukosea na nani akipigwa mpira anataka ngumi.

Wengi wanaufanya mchezo zawadi, eti tuongee kwanza halafu mkacheze. Kwangu maongezi yanaingia humohumo. Chukua mtoto mwenye wasiwasi, moyo ukimwenda mbio anadhani anakufa, ikifika mtihani anatetemeka. Basi nawakimbiza wote, tukisimama kila mtu mkono kifuani, tunausikiliza unavyodunda, tunavuta pumzi tunaitoa polepole mpaka utulie, anajionea mwenyewe kwamba ulipanda, umeshuka, na yuko mzima. Siku ya mtihani namkumbusha hilo tu.

Nyama nyama nao naupenda sana. Nikisema nyama ya ng'ombe wanaruka, nikisema nyama ya paka wanatulia, na yule mwenye pupa anajifunza kujizuia kidogo kabla hajaruka, uwezo uleule anaouhitaji kabla hajamzaba mwenzie kofi.

Nisichokubali ni michezo ya kutoa watu. Anayeuhitaji zaidi ndo anatoka wa kwanza, anakaa pembeni na aibu yake, sasa hiyo tiba gani? Kwangu ukitoka unahesabu pumzi 10 unarudi.

Walimu wanalalamika muda hakuna, silabasi ndefu. Nawaelewa, ila Shirika la Afya Duniani linataka watoto wa miaka 5 hadi 17 wapate wastani wa dakika 60 za kuchangamsha mwili kila siku, halafu kipindi cha michezo ndo tunakifuta cha kwanza. Na vifaa sio kisingizio, mpira wa soksi unatosha kabisa.

Ila jamani, mtoto anayesema anataka kufa, anayejikata, au unayehisi anafanyiwa ukatili, huyo usimpeleke rede ukadhani umemaliza. Usimhoji mbele ya wenzie. Piga 116, simu ya msaada kwa watoto, ni bure, Tanzania na Kenya namba ni hiyohiyo, na umfikishe hospitali.