Kitawanyishi cha polima katika wino wa kuchapia

Pigmenti ni unga wa rangi usioyeyuka. Ndani ya wino huelea tu, chembe kwa chembe, na shida huanzia hapo, kwa sababu chembe hizo huvutana. Zikiachwa zenyewe hugandamana kuwa madonge, madonge yakatuama chini ya kopo, juu kukabaki kimiminika kilichopauka. Kitawanyishi cha polima ni kemikali inayotiwa kwenye wino kuzuia hilo.

Wengi hudhani kusaga kunatosha. Kweli, mashine ya kusagia yenye shanga huvunja madonge, lakini kila donge likipasuka hufunua uso mpya, na uso huo ukiachwa wazi hushikana tena na chembe ya jirani. Kwa hiyo kitawanyishi lazima kiwemo tangu wakati wa kusaga, kiuwahi.

Molekuli yake ni mnyororo mrefu wenye kazi mbili. Sehemu moja hung'ang'ania pigmenti. Kaboni nyeusi, yaani pigmenti ya wino mweusi, kwa mfano, aghalabu huwa na asidi usoni, kwa hiyo hushikwa vizuri na vikundi vya amini, yaani sehemu za molekuli zenye nitrojeni na tabia ya besi. Sehemu nyingine huelewana na kimiminika cha wino, hivyo hujinyoosha nje. Chembe mbili zikikaribiana, minyororo hiyo husongamana na kuzitenga kabla mvutano haujapata nguvu. Vitawanyishi vya molekuli ndogo, vya jamii ya sabuni, hushika kwa ncha moja tu na huachia kirahisi. Polima hushika mahali pengi kwa mpigo. Mahali pamoja pakiachia, mahali pengine huwa bado pameshika. Kwangu hiyo ndiyo sifa yake kubwa kuliko zote.

Kipimo cha kitawanyishi hufuata ukubwa wa uso, si uzito wa pigmenti peke yake. Kipenyo cha chembe kikipungua kwa nusu, uzito uleule huwa na uso mara 2. Ndiyo maana wino wa vichapishi vya kurusha matone, ambao chembe zake kwa kawaida huwa chini ya nanomita 200 ili zisizibe matundu, huhitaji kitawanyishi kingi. Kikipungua, wino huwa mzito na mng'ao hufifia. Kikizidi, polima iliyokosa pa kushika huelea ovyo, na wino huweza kutoa povu au kuchelewa kukauka.

Liko jaribio jepesi la kujua kama chembe zimetawanyika vizuri: pakaza wino, kisha sugua sehemu ndogo kwa kidole kabla haujakauka. Palipoguswa pakikolea kuliko pembeni, chembe zilikuwa zimeshikana, na kidole ndicho kilichozitenganisha.