Dini ndiyo iliyokuwa maktaba ya washairi wa pwani

Katika majibu ya mtihani wa fasihi, dini huwekwa kwenye orodha ya dhamira pamoja na mapenzi, ukoloni na nafasi ya mwanamke. Mwanafunzi huandika kwamba mshairi anatuhimiza kumcha Mungu, anapata alama yake, anaendelea na swali lingine. Mimi nafundisha ushairi wa kale wa Kiswahili, na jibu hilo hunikera kidogo, si kwa sababu ni kosa, bali kwa sababu linaacha jambo kubwa zaidi. Kwa ushairi wa Pate, Siyu, Lamu na Mombasa, miji ya pwani ya Kenya, dini ilikuwa zaidi ya mada. Ilikuwa shule iliyomfundisha mshairi kuandika, hadhira iliyomsikiliza, na maktaba iliyomhifadhi alipokwisha kufa.

Tuanze na kalamu yenyewe. Mtoto alipelekwa chuoni, yaani madrasa, akajifunza alifu kwa kijiti ili aisome Kurani. Herufi hizohizo ndizo alizokuja kuzitumia kuandika Kiswahili, barua za biashara na mashairi. Mwengo bin Athumani alipotunga utendi wake wa vita vya Tabuki huko Pate mwaka 1728, aliandika kwa hati aliyoipata kwenye elimu ya dini, akatumia hadithi za vita vya Mtume zilizokuwa zikisimuliwa kwa Kiarabu. Umbo la utendi nalo liliwafaa wasimulizi: mizani nane kila kipande, vina vitatu vinavyokubaliana, na kipande cha nne chenye kina kimoja tangu mwanzo hadi mwisho. Msomaji akighafilika, kina humrudisha njiani.

Halafu kuna suala la kunakili, ambalo naliona ndilo kiini cha yote. Kabla ya mashine za chapa, shairi liliishi endapo mtu alikubali kukaa chini na kulinakili upya, maana karatasi huliwa na mchwa na unyevu wa pwani hauna huruma. Nani atajitwisha kazi hiyo bure? Anayetarajia thawabu. Mnakili akimaliza huandika jina lake na kumwomba msomaji amwombee dua. Na shairi la dini lilikuwa na kazi mjini: lilisomwa matangani, Ramadhani, kwenye maulidi. Nakala ikichakaa, inahitajika nyingine.

Sasa mlinganishe Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki yapata mwaka 1840. Alitunga juu ya vita, njaa, mapenzi na vijembe vya siasa wakati Wamazrui, watawala wa Mombasa, wanavutana na Seyyid Said, sultani wa Omani na Zanzibar. Kwa maoni yangu ndiye fundi mkubwa kuliko wote wa karne ile. Lakini mashairi yake yalibaki zaidi vinywani mwa watu, na mengine yalikwenda na waliokuwa wakiyakumbuka. Tunayoyasoma leo tunawashukuru watu wawili wa mwishoni mwa karne ya 19: Mwalimu Sikujua bin Abdallah, aliyeyakusanya na kuyaeleza, na W. E. Taylor, mmishonari wa Kiingereza, aliyechukua miswada iliyoishia katika maktaba ya chuo cha SOAS, London. Kasisi aliyekuja kuwabadili dini watu wa Mombasa akawa mlinzi wa beti zao, za kidunia na za Kiislamu pia. Historia ina mizaha yake.

Dini pia iliamua nani asikilizwe. Mwana Kupona binti Msham, mjane wa Bwana Mataka wa Siyu, alimtungia binti yake wasia mwaka 1275 wa Hijra, yaani yapata 1858. Yu mgonjwa, anamwita mtoto aje karibu na wino na karatasi:

Negema wangu binti,
mchachefu wa sanati,
upulike wasiati,
asa ukazingatia.

Yaani binti mwenye miaka michache asogee, asikie wasia, huenda akauzingatia. Wasomaji wa leo humlaumu, na wana hoja. Anamwambia binti kwamba radhi anazozihitaji ni tano: za Mungu, Mtume, baba, mama na mume, na hiyo ya mume anaisisitiza mno. Siku ya kufufuliwa, anasema, mume ndiye atakayeulizwa anataka mkewe atendewe nini. Sioni haja ya kumtetea hapo. Ninachotaka tukione ni kwamba kauli ya mwanamke mgonjwa, aliyekuwa akizungumza na mtoto wake, ilipata nguvu ya kunakiliwa na kuhifadhiwa kwa kuwa ilikuja kama wasia wa dini. Dini iliyomfunga mke kwa mumewe ndiyo iliyompa huyu mwanamke mamlaka ya kufundisha, na hayo mawili yamo katika beti zilezile.

Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir alifanya jambo jingine katika Al-Inkishafi, shairi lake la mawaidha. Anausuta moyo wake kwa kuipenda dunia, na ili kuushawishi anauonyesha majumba ya matajiri wa Pate. Kwanza anayawasha taa za kowa (kioo) na za sufuri (shaba) hata «masiku yakele kama nahari», usiku ukawa kama mchana. Kisha:

Nyumba zao mbake ziwele tame,
makinda ya popo iyu wengeme.

Majumba imara yamekuwa mahame, popo wananing'inia juu. Hatuambii biashara ilihamia wapi wala nani alipigana na nani. Alikuwa anatoa mawaidha. Lakini mawaidha yalimlazimu ataje vitu, na kwa hiyo tumepata picha ya maisha ya mji ule ambayo orodha ya masultani haiwezi kutupa.

Nisije nikaonekana nasema dini ilikuwa mali ya wakubwa tu. Habib Saleh, sharifu aliyetoka Komoro, alipofundisha Lamu watoto wa waliokuwa watumwa na kuruhusu matari katika maulidi, baadhi ya waungwana walichukia. Msikiti wake wa Riyadha ulisimama mwanzoni mwa karne ya 20, na maulidi yake bado huwakusanya watu Lamu kila Mfungo Sita. Ugomvi ule wa ngoma msikitini, ukiuchunguza, ulikuwa ugomvi wa nani ana haki ya kuitwa mtu wa mji.

Umbo la utendi, au utenzi, nalo halikubaki msikitini. Mathias Mnyampala, Mgogo na Mkatoliki, aliitunga Injili kwa utenzi. Mwalimu Nyerere alifanya vivyo hivyo uzeeni, na tenzi zake za Injili zikachapishwa mwaka 1996. Mizani nane, kina cha mwisho kilekile, Yesu badala ya Tabuki, na sikumbuki kumsikia mtu akilalamika kwamba umbo limeibwa.

Wako walimu wanaoniambia huziruka kazi hizi darasani wasije wakaonekana wanahubiri. Nawaelewa, darasa lenye wanafunzi wa dini mbalimbali linahitaji uangalifu. Ila ukiondoa kila utungo wenye Bismillahi juu yake, ushairi ulioandikwa pwani kabla ya karne ya 20 unakuachia hasa Muyaka, wengine wachache, na beti chache za Fumo Liyongo, shujaa na mshairi wa masimulizi ya pwani, na Muyaka mwenyewe umeshamwona alivyoponea chupuchupu.