Modifaya za paraboli: dhana potofu zinazokula hela za wapiga picha

Modifaya ni kifaa kinachofungwa kwenye taa ya kupigia picha ili kubadili tabia ya mwanga wake, na kwenye biashara hiyo neno paraboli limegeuka mhuri wa kupandishia bei. Sofboksi, yaani boksi la kitambaa la kulainishia mwanga, ikiongezwa kina na kupewa vijiti 16 badala ya vinane, tayari boksi lake limeandikwa paraboli, na kijana anayeanza kupiga picha za sura anaambiwa kwamba bila hiyo hatapata ule mwanga wa majarida ya mitindo. Naipenda sana paraboli ikitumiwa inavyopaswa. Ndiyo maana inaniuma kuona watu wakilipia jina huku kazi yenyewe hawaipati.

Dhana: Sofboksi yoyote yenye kina kirefu ni paraboli

Hapa ndipo hela nyingi zinapopotelea, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Parabola ni umbo la hisabati lenye tabia moja kubwa: mwanga ukitoka kwenye nukta yake ya fokasi na kugonga ukuta wake, miale yote hurudi ikiwa sambamba. Tazama dishi la televisheni juu ya paa. Kile kichwa kilichoshikiliwa na mkono wa chuma kimewekwa kwenye fokasi, mahali ambapo mawimbi yote yanayogonga dishi hukusanyika. Kipinde mkono kidogo tu, picha inakatika. Paraboli ya studio inafuata kanuni ileile, ila mwanga unatoka badala ya kuingia. Bakuli peke yake halitoshi. Taa lazima ikae mahali pake, na itazame ndani.

Sasa fungua zipu ya sofboksi nyingi zinazouzwa kwa jina hilo. Flashi imefungwa nyuma kabisa, shingoni, ikitazama mbele. Sehemu kubwa ya mwanga inakwenda moja kwa moja kwenye kitambaa cheupe cha ndani, kisha cha nje, bila kuzigusa kuta za fedha. Na kitambaa cha mbele kikishafungwa, chanzo cha mwanga kinachoonwa na uso wa mteja ni kitambaa hicho. Bakuli lililo nyuma yake, liwe parabola au ndoo, haliamui tena mwelekeo wa miale. Unabaki na oktaboksi (sofboksi yenye umbo la karibu duara) yenye kina, kifaa kizuri tu ambacho hakimwagi mwanga ovyo pembeni. Lakini paraboli siyo.

Paraboli za kweli hujengwa kinyume. Flashi hugeuzwa itazame ndani ya bakuli, ikabebwa na fimbo inayopita katikati, na juu ya fimbo hiyo inaweza kusogezwa mbele na nyuma. Broncolor ya Uswisi ina ukoo wa Para: 88, 133, 177 na 222, namba hizo zikiwa kipenyo kwa sentimita. Briese wa Ujerumani nao wamejijengea jina kwa miavuli mikubwa ya aina hiyo. Bei zake zinahesabiwa kwa maelfu ya dola, kwa hiyo wengi wetu tutaziona kwenye studio za kukodi tu, kama tutaziona. Habari njema ni kwamba hesabu yake haiuzwi.

Chukua mwavuli mkubwa wa fedha, ule wa kawaida. Pima kipenyo cha mdomo wake, kizidishe kwa chenyewe, kisha gawanya kwa kina kilichozidishwa mara 16. Mdomo ukiwa sentimita 165 na kina 45, unapata 27,225 gawanya kwa 720, yaani karibu sentimita 38 kutoka kitakoni. Kama mwavuli una umbo la parabola, au unalikaribia, balbu ya flashi inatakiwa iwe hapo. Weka alama ya tepu kwenye mpini. Kazi imeisha, na hukununua kitu.

Dhana: Taa lazima ikae kwenye fokasi siku zote

Hapana. Fokasi ni mahali pa kuanzia. Taa ikiwa pale, mwanga unatoka ukiwa umebanwa, mkali na wenye kontrasti. Ukiisukuma kuelekea kitakoni, miale inatawanyika na kufunika eneo pana. Ukiivuta nje kupita fokasi, miale inakatana kwanza mbele ya bakuli ndipo itawanyike. Kifaa kimoja, tabia tofauti, na hilo ndilo linaloipa paraboli thamani.

Usikisie kinachotokea. Nenda kakae kwenye kiti cha mteja, elekeza kamera kwenye modifaya, shusha flashi hadi nguvu ya chini kabisa, weka ISO 100 (unyeti mdogo wa kamera) na f/16 (tundu dogo la lenzi), halafu piga. Ukiona picha bado imeungua, bana lenzi zaidi. Kwenye skrini utaona bakuli lenyewe, kipande kwa kipande: vipi vinawaka, vipi vimezima. Kwenye fokasi, sehemu kubwa ya bakuli imejaa. Ukitoka hapo, pengine katikati panabaki giza na ukingo unang'aa kama pete, au ukingo unazima na katikati panawaka. Unachokiona kwenye picha hiyo ndicho kitakachoonekana ndani ya mboni za mteja, na ndicho kitakachochora vivuli vya pua na kidevu chake. Jaribio hili linafundisha kuliko video nyingi za mafunzo.

Dhana: Paraboli inatoa mwanga laini kuliko modifaya nyingine

Ulaini hauko kwenye umbo. Uko kwenye ukubwa wa chanzo kinavyoonekana kutoka pale alipokaa mteja. Sofboksi ya sentimita 90 ikiwa mita 1 kutoka usoni inaonekana kubwa kuliko bakuli la sentimita 150 lililo mita 3, na ndiyo itakayokupa kivuli laini zaidi. Paraboli ya fedha isiyo na kitambaa, taa ikiwa kwenye fokasi, ina makali: mashavu yanachongeka, kitambaa cha nguo kinaonekana nyuzi zake, rangi zinakolea. Ikiwa kubwa, ukingo wa kivuli bado ni wa taratibu. Mchanganyiko huo wa makali na utaratibu ndio watu wanaoupenda bila kujua jina lake. Anayetaka ulaini peke yake anunue oktaboksi ya kawaida na kuisogeza karibu.

Dhana: Bakuli la fedha halifai ngozi nyeusi

Hili nalisikia mara nyingi, na lina madhara, kwa sababu wateja wetu wengi wana ngozi nyeusi na wanastahili mwanga uliofikiriwa.

Ngozi inarudisha mwanga kwa namna mbili. Namna ya kwanza, mwanga unaingia kidogo, unachukua rangi ya ngozi, kisha unatoka. Namna ya pili, unagonga juu na kurudi kama kwenye kioo. Huo ndio mng'ao. Ngozi nyeusi inarudisha kidogo kwa namna ya kwanza, lakini mng'ao wake hautofautiani na wa ngozi nyeupe. Ndiyo maana mng'ao unaonekana sana kwenye paji la uso, pua na mashavu ya mtu mweusi, na ndiyo maana huo mng'ao, ukitawaliwa, unachora umbo la uso vizuri mno. Ukijaribu kuuondoa wote kwa poda na vitambaa viwili, uso unakuwa bapa, hauna uhai.

Tatizo linakuja bakuli likiwa dogo au likiwa mbali: mng'ao unajikusanya kuwa madoa madogo meupe yasiyo na rangi wala ngozi ndani yake. Dawa yake ni kulisogeza karibu na kushusha nguvu ya flashi. Ukisogeza chanzo karibu, rangi ya ngozi inapata mwanga zaidi, lakini kila sehemu ya mng'ao haizidi kung'aa, inatanuka tu. Ukishusha nguvu ili kipimo kirudi palepale, mng'ao unatulia dhidi ya ngozi inayouzunguka. Kama bado ni mwingi, futa jasho kwa tishu kabla hujafikiria kitambaa cha mbele.

Dhana: Mwanga wa paraboli haupungui kwa umbali

Karibu na bakuli, taa ikiwa kwenye fokasi, unapungua polepole kweli. Taa tupu ukiipeleka kutoka mita 1 hadi mita 2 unapoteza stopu mbili, yaani unabaki na robo ya mwanga. Paraboli inapoteza kidogo kuliko hivyo, na hilo linasaidia unapopiga mtu mzima kuanzia kilemba hadi viatu. Lakini balbu ya flashi ina ukubwa wake, haiwi nukta, na kuta za vipande vilivyonyooka haziwi parabola kamili. Miale inatawanyika mwishowe. Chukua kipimo upya kila unaposogeza stendi.

Dhana: Flashi ndogo ya kamera haiwezi kazi hiyo

Inaweza, ukiielewa. Kosa la kawaida ni kuiacha zumu yake (inayobana au kutanua mwanga) kwenye 105, mwanga ukawa mwembamba na kugonga katikati ya mwavuli tu. Irudishe 24 au teremsha kile kikaratasi cha plastiki cha kutawanyia. Na bakuli la fedha bila kitambaa halili mwanga mwingi, kwa hiyo flashi ndogo inafika mbali kuliko ukiiweka ndani ya sofboksi yenye vitambaa viwili.

Dhana: Mpiga picha akisimama mbele ya taa anaharibu picha

Bakuli likiwa kubwa, simama katikati yake, mgongo ukiwa kwenye taa. Mwanga unakuzunguka pande zote na kukutana usoni pa mteja. Wapiga picha wa mitindo hufanya hivyo kwa makusudi.

Ukienda dukani, basi, nenda na futi kamba na flashi yako. Omba kifaa kifunguliwe. Angalia kama kuna fimbo au mkono wa kuigeuza flashi itazame ndani, na kama inaweza kusogezwa hadi kwenye ile namba uliyoipiga hesabu. Angalia rangi ya ndani pia, maana nyeupe hutawanya miale na kuifuta kazi ya umbo. Uliza uzito wa kifaa chote na flashi ikiwa juu yake, kwa sababu stendi nyepesi haitalibeba bakuli la mita moja na nusu, na kwa picha za ufukweni upepo utaliangusha hata ukiwa na mifuko miwili ya mchanga. Kama fimbo haipo na muuzaji anasisitiza kwamba ni paraboli, lipa bei ya oktaboksi.