Wenyeji wa Kanada: tunayoambiwa na yaliyotokea

Dhana: Shule za bweni walizolazimishwa watoto wa wenyeji wa asili ni mambo ya kale, waliosoma humo walishakufa.

Ukweli: Shule za mwisho za bweni za watoto wa wenyeji zilifungwa miaka ya 1990. Phyllis Webstad alikuwa na umri wa miaka sita alipopelekwa kwenye mojawapo, British Columbia, mwaka 1973. Bibi yake alimnunulia shati jipya la rangi ya chungwa la kuanzia shule. Siku ya kwanza tu alivuliwa, wala hakurudishiwa. Ndiyo maana kila Septemba 30 utawaona watu wamevaa rangi hiyo.

Dhana: Hata sisi Waafrika tulisoma bweni na kuchapwa kwa kuongea lugha ya mama.

Ukweli: Hii naisikia sana, na ndiyo inayoniuma zaidi. Kwetu mzazi huuza hata ng'ombe ili mwanawe apate bweni. Kanada, kuanzia 1920, sheria iliipa serikali nguvu ya kuwalazimisha wazazi wawatoe watoto. Zaidi ya watoto 150,000 walipita humo, na lengo lilikuwa kuwang'oa kwenye lugha na jamii zao. Daktari Peter Bryce, afisa wa serikali yenyewe, aliripoti mwaka 1907 jinsi kifua kikuu kilivyokuwa kikiwaua. Alipuuzwa. Leo yanajulikana majina ya zaidi ya watoto 4,000 waliofia humo.

Dhana: Wenyeji hawalipi kodi.

Ukweli: Wainuiti, wenyeji wa kaskazini ya mbali, na Wameti, wenye asili ya wenyeji na Wazungu, wanalipa kama wengine. Msamaha ni wa watu wa Mataifa ya Kwanza, kundi la tatu la wenyeji, waliosajiliwa tu, na hasa kwa kipato cha ndani ya maeneo waliyotengewa.

Dhana: Waziri Mkuu aliomba radhi kwa shule hizo mwaka 2008, yamekwisha.

Ukweli: Tume ya Ukweli na Maridhiano, iliyochunguza shule hizo chini ya Jaji Murray Sinclair, ilitoa miito 94 ya utekelezaji mwaka 2015. Mingi bado inasubiri.

Dhana: Sisi wahamiaji wa Kanada hayatuhusu.

Ukweli: Wito wa 94 ulidai kiapo cha uraia kibadilishwe, na Juni 2021 kikabadilishwa. Mkongomani au Mkenya anayeapa leo hutamka kwamba Katiba inatambua haki za wenyeji na za mikataba yao, ile waliyoingia na serikali kuhusu ardhi. Basi uliza unaishi kwenye ardhi ya mkataba upi. Winnipeg ni Mkataba wa 1, wa mwaka 1871. Calgary ni wa 7, wa 1877. Ukishaapa, ahadi zilizomo ni zako pia.